Nafasi ya Saba Jukwaani

Wageni waliotembelea shule ya Kilele, kaskazini mwa Memphis, hawakukosa kuusifu ukimya wa ushoroba wake. Watoto mia nne walipita pale kila kipindi kilipokwisha, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya soli za viatu. Walitembea kwa mistari, mguu mbele ya mguu, juu ya utepe wa njano uliobandikwa sakafuni. Ni wachache miongoni mwa wageni hao waliojiuliza utepe ule uliwekwa na nani.

Aliyeuweka ni Bi. Verlene Gatewood, mwalimu wa fasihi wa darasa la kumi na mbili. Wakati wa mambo ninayoyasimulia alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kila Jumatatu alifika saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, akapiga magoti ushorobani na kipande cha zulia chini ya goti la kushoto, ambalo lilimsumbua, akaubandua utepe uliochakaa kwa kisu cha siagi na kubandika mwingine. Hakuna aliyemwagiza. Mimi nilifundisha hisabati katika chumba cha jirani, na siku moja nilimwuliza sababu.

"Mstari ukikatika, mtoto anapotea njia," alinijibu bila kuinua kichwa. "Akipotea njia anaandikiwa kosa. Makosa matatu, anabaki Jumamosi. Sasa gundi ninayo, mtoto wa watu aadhibiwe kwa nini?"

Jibu hilo lilikuwa na tabia yake yote. Hakuupenda mstari. Lakini maadamu upo, alihakikisha umenyooka ili usimwumize mtu.

Jengo lile alilijua kuliko sote. Alikuwa amefundisha ndani yake kwa miaka ishirini na miwili lilipokuwa shule ya kawaida ya jiji, hadi wilaya ilipoifunga kwa sababu ya alama duni. Walimu walipewa kila mmoja sanduku la karatasi na siku mbili za kuondoka. Taasisi ya Kilele ikalipokea jengo kwa mkataba, ikapaka rangi, ikaajiri vijana waliotoka vyuoni juzi, na katika walimu wa zamani ikabakiza wanne. Bi. Gatewood alikuwa mmoja wao. Jumapili iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa lao, mama mmoja wa kwaya alimsimamisha mbele ya watu.

"Ehe, Dada Gatewood! Wenzio wametupwa nje na masanduku, wewe umeachiwa ufunguo?"

"Lazima abaki mtu anayejua watoto hawa ni wa nani," alisema.

Aliamini hivyo. Nami niliamini kwamba anaamini.

Kilele iliwaahidi wazazi kwamba kila mtoto ataingia chuo kikuu. Wanafunzi hawakuitwa wanafunzi. Waliitwa wanazuoni, tangu wakiwa darasa la sita. Kila chumba kilipewa jina la chuo alichosoma mwalimu wake, na cha Bi. Gatewood kilikuwa na bendera iliyofifia ya chuo kidogo cha watu weusi huko Mississippi. Juu ya mlango mkubwa kulikuwa na ubao wa taa uliosomeka asilimia mia moja, na chini yake nyota sita, moja kwa kila mwaka ambao darasa zima la mwisho lilipokewa vyuoni. Sheria iliyolinda nyota hizo ilikuwa fupi: asiye na barua ya kupokewa na chuo cha miaka minne hapewi cheti cha sekondari, hata akifaulu masomo yote.

Mwezi Mei ndipo ilipofanyika sherehe ya kutangaza vyuo. Darasa la mwisho lilipanda jukwaani kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja akasimama juu ya alama yake ya utepe, kisha mmoja mmoja akaitwa kwa orodha na kusogea kwenye kipaza sauti, akataja jina lake na chuo chake, akavua koti na kuonyesha fulana yenye nembo ya chuo. Wazazi walilia, walipuliza tarumbeta za plastiki, walirusha kofia. Alama hizo za jukwaani pia alizibandika Bi. Gatewood, mara tu baada ya likizo ya mwaka mpya, ili watoto wazizoee. Mwaka huo wa saba alibandika sitini na mbili.

Ya saba kutoka kushoto ilikuwa ya Shaniece Broadnax.

Shaniece alikuwa msichana mrefu, mzito wa kuzungumza, mwenye alama za kati na mikono isiyotulia. Projekta za shule zilipokufa, walimu vijana hawakumpigia fundi simu; walimwita Shaniece. Mwezi Oktoba, bila kumwambia mtu, alikwenda kufanya mtihani wa chama cha mafundi wa nyaya za umeme, wale wanaopanda nguzo baada ya dhoruba. Katika watu mia mbili na zaidi, akawa wa nne. Chama kilimwandikia kwamba nafasi ya uanagenzi, ya kujifunza kazi huku akilipwa, ni yake, mradi alete cheti cha sekondari kabla ya tarehe kumi na tano Juni. Baada ya hapo hawangeandikisha wengine kwa miaka miwili.

Barua hiyo aliileta kwa Bi. Gatewood kabla ya kumwonyesha hata mama yake. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nikisahihisha madaftari upande wa pili.

"Hongera, mwanangu. Hongera kabisa," Bi. Gatewood alisema. Nilimsikia akiikunja karatasi na kuikunjua tena. "Sasa omba chuo kimoja tu. Kidogo. Nakijua kimoja kinapokea hata paka. Simama pale, taja jina, vaa fulana yao, chukua cheti chako. Kesho yake panda nguzo yako."

"Nidanganye?"

"Nani kasema kudanganya? Ni kutaja jina tu."

"Mwalimu, kaka yangu Jarvis alisimama pale. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilimfunga tai mwenyewe."

"Alitaja jina. Bibi akazimia kwa furaha. Akakaa huko muhula mmoja, akarudi na deni na aibu. Ile fulana unajua iko wapi? Anaoshea gari. Mama ameitundika picha ya siku ile sebuleni. Jarvis akija kula, anakaa kiti cha upande wa pili ili asiione. Mimi sipandi pale kusema kitu ambacho sikitaki."

"Kichwa ngumu kama mama yako."

"Mama anasema nimekuiga wewe."

Walicheka wote wawili. Bi. Gatewood alimwambia atapata njia. "Niachie mimi," alisema, na yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alijua kwamba maneno hayo ni sawa na kiapo.

Januari mkuu wa shule alimwita Bi. Gatewood. Bw. Whitlock alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpole wa sauti, mwenye kukumbuka siku za kuzaliwa za watu wote. Mazungumzo yao nilisimuliwa na Bi. Gatewood mwenyewe, miaka baadaye, na hakujipendelea katika kuyasimulia.

"Bi. Gatewood, tuna wanazuoni sitini na wawili. Sitini na mmoja wameomba vyuo. Huyu mmoja ananikosesha raha."

"Ana kazi nzuri inamngoja, Bw. Whitlock. Kazi ambayo wewe na mimi hatutaipata. Mpe cheti tu."

"Sheria inanifunga mikono. Nikimpa huyu, mwakani watakuja kumi." Alimsogezea fomu. "Lakini tusimwumize. Shule ya mtaa haina masharti haya. Akihamia huko Februari, atamaliza Juni, atachukua cheti cha wilaya, ataenda kwa mafundi wake. Kila mtu anapata anachotaka. Kinachohitajika ni mzazi kusaini kwamba amehama kwa hiari. Na wazazi wanakusikiliza wewe kuliko sisi."

Asilimia ya Kilele ilihesabiwa kwa waliokuwepo mwezi Mei. Bi. Gatewood alilijua hilo. Alijua pia kwamba mkataba wake hufanywa upya kila Aprili, na kwamba mumewe, Otha, alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa bima ya shule. Hata hivyo aliniapia kwamba siku ile hakumfikiria Otha. Alifikiria kwamba hatimaye njia aliyomwahidi mtoto imepatikana, na kwamba ni njia nzuri.

Akaichukua fomu.

Latrice Broadnax, mama yake Shaniece, alikuwa mwanafunzi wa Bi. Gatewood katika jengo lilelile, darasa la saba, miaka ishirini na mitano nyuma. Alipanga vifurushi usiku katika ghala la uwanja wa ndege, na Jumapili Bi. Gatewood alipomtembelea alikuwa amelala kwa saa tatu tu. Hata hivyo alimwekea mgeni sahani ya tambi na kambare wa kukaanga, akasimama karibu na jiko asithubutu kukaa kabla ya mwalimu wake.

"Kaa, Latrice. Mimi si polisi."

"Mwalimu, ukija kwangu mimi najikagua kucha mpaka leo." Aliketi. "Shaniece kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kwa heri." Akamweleza: shule ya mtaa, miezi minne, cheti, nguzo za umeme.

Latrice aliitazama fomu. "Miaka saba nimeamka kumpeleka pale. Nimempigia pasi shati lile jeupe kila siku ya Mungu. Sasa imebaki kidogo, ndio ahame?"

"Wakimbakiza, hawampi cheti."

"Na huko atapata? Juni?"

"Atapata."

"Una hakika, Mwalimu? Maana mimi karatasi zao sizielewi. Nakuelewa wewe."

"Nina hakika."

Shaniece alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni muda wote huo. "Haya basi," alisema. "Kama ni Mwalimu kasema."

Latrice akasaini, kisha akamfungia Bi. Gatewood vipande viwili vya kambare vya kumpelekea Otha.

Hapa inanilazimu nieleze jambo moja la ratiba, kwa kuwa ndilo lililobeba msiba wote. Katika jimbo la Tennessee mtoto hapati cheti bila kusoma afya na matumizi ya fedha za nyumbani. Shule nyingine hufundisha masomo hayo mapema, darasa la tisa au la kumi. Kilele haikufanya hivyo. Miaka ile ya mapema ilihitajika kwa mazoezi ya mtihani wa kuingilia vyuo, kwa hiyo masomo hayo yalisukumwa hadi mwisho kabisa, kati ya Machi na Mei ya mwaka wa mwisho, mtihani wa vyuo ukiwa umeshapita na watoto wakiwa hawana la kufanya. Ulikuwa mpango wa busara. Ulisifiwa katika kikao. Aliyeupendekeza, na kuuchora kwa rula kwenye karatasi kubwa ambayo bado ilining'inia katika chumba cha walimu, alikuwa Bi. Verlene Gatewood.

Mtoto aliyeondoka Kilele mwezi Februari aliondoka bila masomo hayo.

Shaniece alikuja wiki ya pili ya Machi. Alimngoja Bi. Gatewood penye maegesho ya magari, bila shati jeupe, amevaa koti la Jarvis. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Mimi na Bi. Gatewood tulikuwa tukitoka pamoja. Nikataka kuwapisha, akanishika mkono wa koti nisiondoke.

"Mwalimu, kule wanasema sitamaliza mwaka huu."

"Nani anasema?"

"Mshauri wao. Kapitia karatasi zangu mara tatu. Sina afya, sina ile ya fedha. Kwao wanafundisha kuanzia Agosti. Nimemwambia nitasoma usiku, nitasoma Jumamosi, nitasoma chooni. Anasema darasa halipo, mwalimu hayupo, na somo la kompyuta limejaa mpaka kiangazi. Mpaka Julai." Aliifuta pua yake kwa mkono wa koti. "Juni kumi na tano, Mwalimu."

Bi. Gatewood alimsogelea.

"Kanishangaa. Ananiambia, 'Binti, kila mtoto anasoma haya darasa la tisa. Hiyo shule yenu nani alipanga ratiba ya namna hiyo?'"

"Ni mimi," Bi. Gatewood alisema.

Shaniece alimtazama. Sikuona hasira usoni pake. Alikuwa na sura ya mtu aliyewasha taa katika chumba alichokizoea akakikuta hakina samani.

"Ulijua?"

"Sikukumbuka. Naapa, mwanangu. Nilikuwa nimekaa jikoni kwenu, na sikukumbuka."

"Mama alikuuliza kama una hakika."

"Aliniuliza."

"Basi sawa," Shaniece alisema. Akavuta kofia ya koti kichwani, akaelekea kituo cha basi.

Bi. Gatewood alirudi ndani akiwa na mwavuli mkononi, haujafunguliwa. Alimkuta Bw. Whitlock akifunga ofisi. Aliomba moja kati ya mambo mawili: mtoto arudishwe, au aruhusiwe kuja jioni asome masomo yale mawili, naye Bi. Gatewood angeyafundisha mwenyewe bila malipo.

"Akirudi," Bw. Whitlock alisema kwa upole wake, "anarudi kwenye hesabu. Tunakuwa sitini na mmoja kati ya sitini na wawili. Nawaambiaje wafadhili?"

"Basi aje jioni. Asiandikishwe."

"Asiyeandikishwa siwezi kumpa alama. Unazijua kanuni, Bi. Gatewood. Nyingine umeziandika." Akamshika bega. "Walihama kwa hiari. Saini ya mama iko pale. Na ya shahidi ni yako."

Alikuwa na njia nyingine, na nitakuwa ninamfichia nisipozitaja. Angeweza kwenda kwenye bodi. Angeweza kuandika gazetini. Mhariri mmoja alikuwa mwanafunzi wake. Angeweza kusimama kanisani. Nilimwambia hayo, nikamwambia pia kwamba nitatia saini yangu chini ya yake. Alinisikiliza, akaniuliza kama bima yangu ina mgonjwa ndani yake. Nikamwambia haina. "Basi nenda wewe," alisema. Sikwenda. Nilijiambia kwamba jambo hili si langu la kuanzisha, na hadi leo sijapata maneno bora zaidi ya kujitetea.

Aprili mkataba wake ulifanywa upya.

Siku ya sherehe, mwezi Mei, ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bi. Gatewood alisimama mahali pake pa kila mwaka, pembeni mwa jukwaa, na orodha mkononi. Muziki ukapigwa. Watoto wakaingia kwa mstari wakiwa na makoti yaliyofungwa vifungo hadi juu, wakapanda, na kila mmoja akaenda kwenye alama yake kama walivyofanya mazoezi Januari.

Ndipo likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Orodha ilikuwa imerekebishwa, sakafu haikurekebishwa. Watoto wale walikuwa wamefundishwa kwa miaka saba kutofuata mtu ila kufuata utepe, na utepe ulikuwa na nafasi sitini na mbili. Bowdre alisimama kwenye ya sita. Buckner, kijana mnene mpole aliyekaa nyuma ya Shaniece tangu darasa la sita, akasimama kwenye ya nane. Kati yao palibaki pengo la upana wa mtu mmoja, na mraba wa njano katikati yake, unang'aa chini ya taa.

Mwanzoni ilikuwa minong'ono. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa sauti kutoka safu za kati, "Hapo pana nani?" Na mwingine akamjibu, "Si binti wa Latrice?"

Bw. Whitlock alitabasamu kuelekea ukumbini. Bila kugeuza kichwa alimwambia Bi. Gatewood, "Wasogeze."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona akiikunja orodha mkononi. Alipanda ngazi mbili, akajishika goti.

"Buckner," alisema. "Songa, mwanangu."

Kijana aliutazama mraba wa njano. "Hapo si pangu, Mwalimu. Hapo ni pa Shaniece."

"Najua ni pa nani. Songa."

Buckner akasonga. Na nyuma yake wengine hamsini na wanne, mmoja baada ya mwingine, wakapiga hatua moja kushoto bila kunong'ona na bila kugongana, kila mguu juu ya alama ya jirani, vizuri kabisa, kama alivyowafundisha. Pengo likapita katika mstari mzima hadi likafika mwisho kabisa wa jukwaa, kwenye alama ya sitini na mbili, nyuma ya pazia, ambako hakuna mzazi aliyeweza kuliona.

Kisha Bi. Gatewood akasogea kwenye kipaza sauti na kuanza kusoma majina.